Kibati Kilichotazama Ukuta

Kiti cha mlinzi wa lango kuu kilikuwa kimeipa skrini mgongo. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Euphrasia Lugembe aliloliona alipofika mgodi wa Busilili, na halikumpendeza hata kidogo. Mtu ameajiriwa kutazama skrini, kisha anakaa akitazama barabara kama anayengoja basi la Kahama!

"Shikamoo, afande," mlinzi alisema.

"Marahaba. Hiyo skrini imekukosea nini?"

Mlinzi alijifanya hakusikia. Akampa kibati cha shaba kilichotobolewa matundu madogo na kumwonyesha kisanduku cha chuma ukutani. Euphrasia akakichomeka. Ti! Juu ya lango yakatokea maandishi ya kijani: 11-11 MGENI. AMEINGIA. Chini yake ilikuwepo hesabu ya waliomo kila mlango, na Mlango wa Tatu ulionyesha sifuri.

"Mbona moja tupu?"

"Vya wageni vyote viko hivyo, afande. Kumi na moja kumi na moja, ishirini na mbili ishirini na mbili. Nikikuona na namba pacha najua wewe si wa hapa, nisikuache uzurure. Sisi wenyeji namba ya kwanza ni kikosi, ya pili ni mtu mwenyewe."

Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi, na jua lilikuwa limeshakaza. Karasha, zile mashine za kusagia mawe, zilikuwa kimya. Wachimbaji wapatao sitini walikuwa wameketi kwenye kivuli cha stoo, kofia za kazi mapajani, hakuna anayecheza bao wala kubishana mpira. Kwenye barabara ya kilimani malori matatu yalikuwa yamejaa kifusi, yamepanga foleni.

Faili lililokuwa kwapani mwa Euphrasia lilikuwa na barua moja tu kutoka mgodini. Amosi Shigela, fundi pampu, hajafika kazini tangu Jumatatu. Wiki hiyo hiyo mfuko mmoja wa kaboni yenye dhahabu umepotea. Polisi Shinyanga wanaombwa wamsake na kumkamata. Barua fupi, safi, haina hata kosa moja la chapa. Kwa miaka kumi na tisa ya upelelezi Euphrasia alikuwa hajawahi kupatana na barua safi.

Mwandishi wa barua, Theonest, meneja wa zamu, alimpokea ofisini kwa heshima zote. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio.

"Jumatatu hakuingia," alisema. "Jumanne hakuingia. Jumatano, jana, leo, hakuna. Mashine imerekodi."

"Mashine nimeisikia. Watu wanasemaje?"

"Watu wa hapa wiki hii usiwasikilize, Inspekta." Akainuka akafunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo. "Kuna kijana wa bodaboda alimwona stendi ya Geita, Jumanne jioni. Alikuwa na begi."

"Kijana anamfahamu Amosi?"

"Alionyeshwa picha."

"Kabla au baada ya kuambiwa anatafutwa mwizi?"

Euphrasia akaandika neno moja kwenye daftari lake: begi. Chini yake akachora alama ya kuuliza kubwa kuliko neno lenyewe.

"Na malori yale?"

"Tunaziba Mlango wa Tatu, saa nane kamili. Ni njia ya zamani ya kuteremkia kwenye pampu mbili za maji. Tulipanga kuuziba mwezi ujao, lakini watu wamegoma kushuka popote mpaka uzibwe leo."

"Wamegomea nini?"

"Muulize binti wa kompyuta," Theonest alisema, na ile sauti ya redio ikapungua. "Mimi ni mtu wa kanisa. Sitaki hata kuyataja."

*

Kabla ya kwenda kwa binti wa kompyuta, Euphrasia alirudi langoni. Alikuwa amemwona mwanamke pale wakati anaingia, ameketi kwenye tofali, mfuko wa rambo mapajani, na mtu anayeketi kwenye tofali karibu na geti la mgodi huwa na lake.

"Mwangaluka, mayu," Euphrasia alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka." Mwanamke akasimama upesi. "Wewe ndiye polisi? Mimi ni Salome, Mama Mbuke. Mke wa Amosi. Niko hapa tangu jana asubuhi na hakuna anayenisikiliza."

"Mimi nakusikiliza. Kaa."

"Mume wangu hajatoroka. Jumatatu alitoka nyumbani saa kumi na mbili kamili, akarudi jioni. Jumanne vile vile. Jumatano akatoka, hajarudi. Wananiambia mashine inasema hakuja kazini hata siku moja, eti alikuwa ananidanganya, ana mwanamke Geita." Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka. "Sawa, wanaume wana mambo. Lakini mwanamke wa Geita atampaka matope haya?"

Akatoa ovaroli kwenye rambo. Ilikuwa imefuliwa, imekunjwa vizuri, lakini kwenye mishono ya magoti matope yalikuwa bado yameng'ang'ania: ya kijivu, laini kama unga uliokandwa. Euphrasia akakwangua kidogo kwa kucha. Udongo wa njia nzima aliyopita asubuhi ile, kutoka Shinyanga hadi hapa, ulikuwa mwekundu au mweusi.

"Hii aliivaa lini?"

"Jumanne. Nimeifua mwenyewe Jumanne jioni. Matope haya yako chini tu, kwenye pampu. Miaka minane nayafua, mimi nisiyajue?"

"Jumatano alisema nini wakati anaondoka?"

Salome alifikiri. "Hakusema la maana. Alisema pampu namba mbili inakohoa, atachelewa kidogo." Hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Amechelewa, dada. Amechelewa mno."

Mlinzi, ambaye alikuwa akisikia yote, aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

*

Chumba cha kompyuta kilikuwa baridi kama mochwari. Juu ya mashine mpya, katikati ya nyaya za bluu, ilikuwa imening'inizwa ndimu moja na pilipili mbichi saba kwenye uzi.

"Ni za mama yangu, za kuzuia mabaya," alisema Dimple, binti wa kompyuta, huku akiona haya. "Nilimsimulia kwa simu, akazituma na basi kutoka Shinyanga siku ile ile. Sikuweza kumkatalia." Alikuwa na miaka kama thelathini, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini, aliyesomea kompyuta na kupewa kandarasi ya mgodi huu. Ilionekana hajalala vizuri tangu Jumapili.

"Ulimsimulia nini?"

Dimple akageuza skrini, akamwonyesha kwa kidole.

JUMATATU. 17-03 BARTHOLOMEO. AMEINGIA MLANGO WA TATU, 06:31. PAMPU 1 SAWA. PAMPU 2 SAWA. AMETOKA, 15:04.

JUMANNE. 17-03 BARTHOLOMEO. AMEINGIA MLANGO WA TATU, 06:29. PAMPU 1 SAWA. PAMPU 2 SAWA. AMETOKA, 15:10.

JUMATANO. 17-03 BARTHOLOMEO. AMEINGIA MLANGO WA TATU, 06:33.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

"Huyu Bartholomeo ni nani?"

"Mpiga drili. Aliangukiwa na mwamba mwaka juzi, huko huko chini." Dimple alikuwa akinong'ona. "Walimzika Kolandoto, kwao. Mimi mwenyewe nilitoa rambirambi."

Mtu asijisifu, maandishi yale ya kijani, yenye saa na dakika za marehemu, yangemtia ubaridi yeyote.

"Wewe unafuga jina la marehemu kwenye mashine kwa nini?"

"Si mimi, afande. Ni desturi yao. Kibati cha mtu aliyefia chini hakipewi mwingine, wala hakiondolewi ubaoni. Kinageuzwa kitazame ukuta, basi. Nilipokuwa naandika majina kwenye mashine mpya walikuja wazee kumi na wawili hapa ofisini, wakasema jina nalo lisifutwe, maana mtu hafi mara mbili. Nikaliacha. Ningewakatalia vipi?"

"Haya. Nieleze kuhusu hizi mashine. Taratibu, kama unamweleza mama yako."

Dimple akavuta pumzi. Hapo alikuwa kwenye eneo lake, na rangi ikamrudi usoni. Mgodi ulikuwa ukitumia kompyuta za zamani sana kuhesabu watu, alisema, za tangu baba yake ana nywele nyeusi. Prosesa zake, yaani ule ubongo wa ndani, hazitengenezwi tena duniani. Ikiungua moja huna pa kununua. Na programu iliyoandikwa kwa ubongo ule haielewi ubongo wa kisasa. Kwa hiyo wamekuwa wakihama mlango kwa mlango. Ni mwaka wa tatu sasa. Lango kuu likahama, Mlango wa Pili ukahama. Wa Tatu ulibaki na mashine yake kuukuu kwa sababu unatumiwa na mtu mmoja tu, fundi pampu.

"Jumapili nikavuta waya kutoka mashine kuukuu ya Mlango wa Tatu mpaka kwenye hii mpya, ili habari zote zije hapa. Niliijaribu, ikafanya kazi safi. Kesho yake, Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, akaingia yeye."

"Na kule langoni imeandikwa Mlango wa Tatu waliomo ni sifuri. Huyu aliyeingia Jumatano akakosa kutoka, mbona hahesabiwi?"

"Bwana Theonest aliniambia Jumatatu nimtoe kwenye hesabu. Kila akiingia idadi ilikuwa inazidi kwa mmoja, watu wanashikwa na wazimu."

Euphrasia aliisoma tena ile mistari, polepole, kidole kikitembea juu ya kioo. Kikasimama.

"Marehemu alikuwa fundi pampu?"

"Hapana. Nimekwambia, mpiga drili."

"Basi mambo ya pampu kafundishwa na nani huko aliko?"

Ndimu ikazunguka kidogo kwenye uzi wake kwa upepo wa feni.

"Na kuna jingine," alisema Dimple. "Anagonga. Jumatano mchana na jana kutwa, kwenye bomba la hewa linalotoka kule. Watu waliokuwa chini walimsikia wakakimbia wote. Ndiyo maana wamegoma."

Hapo Euphrasia aliogopa. Aliogopa kweli, na wala haikuwa kwa sababu ya mzimu. Akatazama saa yake. Saa saba kasoro robo.

"Chukua hiyo tableti yako. Twende Mlango wa Tatu."

*

Ilibidi kwanza kumtoa Onesmo jikoni, alikojificha. Onesmo alikuwa mlinzi wa Mlango wa Tatu kwa miaka kumi na minne, mzee mkavu aliyevaa buti kubwa kuliko miguu, na tangu Jumatatu hakuwa ameukaribia mlango wake.

"Mimi hufika saa moja," alieleza wakiwa njiani, akitembea nyuma ya wanawake wawili bila aibu. "Fundi pampu huwa keshatangulia, hupita njia ya nyuma ya kilima bila kugusa lango kuu, na ana ufunguo wake. Jumatatu saa mbili akaja mtu mbio kuniambia: marehemu ameingia mlangoni kwako. Mayu wee! Niliacha hata chai."

"Kwa hiyo Jumatatu hukumwona Amosi akitoka."

"Sikumwona mtu. Nilikuwa jikoni."

"Na tangu hapo hakuna mtu aliyefika pale?"

"Nani afike, afande? Wewe ungefika?"

"Si ndiyo naenda?"

Mlango wa Tatu ulikuwa nyuma ya kilima, ambako simu hazishiki. Adhuhuri ile jua lilikuwa limewaka utosini, hakuna kivuli, hakuna ndege, na mahali pote palikuwa pamenyamaza namna ambayo mtu huanza kusikia damu yake masikioni. Kibanda cha bati kilikuwa kimeegemea mwamba. Ndani yake, mlango wa chuma wa kuingilia chini ulikuwa umerudishwa lakini haukufungwa. Kufuli kubwa lilikuwa likining'inia kwenye komeo, wazi, na ufunguo umo ndani yake.

"Ufunguo wa nani huu?" Euphrasia aliuliza.

Onesmo aliukodolea macho. Ufunguo ulikuwa na kitambaa chekundu. "Wa Amosi."

"Siku zote hizi unaning'inia hapa, na mimi nimeletewa barua kwamba mwenye nao yuko Geita!"

Kwenye kona mashine kuukuu ilikuwa hai. Ilivuma taratibu, kitaa kimoja cha rangi ya chungwa kikipepesa, na pembeni yake printa ya utepe ilikuwa imetema karatasi ndefu hadi sakafuni. Karatasi ile iliwapa ubaridi kuliko chochote. Ilikuwa imeandikwa yenyewe, siku baada ya siku, kwenye kibanda kisicho na mtu.

"Usiguse kwanza," Euphrasia alimwambia Dimple. Akaenda kwenye ubao wa vibati.

Vilikuwa vichache, kila kimoja kwenye msumari wake. Kimoja kilikuwa kimetazama ukuta. Euphrasia alikisogelea mpaka pua ikakaribia kukigusa. Utando wa buibui ulikuwa umekishika kibati na ubao pamoja, mzima, na vumbi juu yake. Akasukuma kwa ncha ya kalamu, akasoma upande wa ndani: 17-03.

"Hiki hakijatoka hapa miezi mingi," alisema. "Marehemu hajaingia popote. Na huu msumari mtupu?"

"Wa fundi pampu," alijibu Onesmo. "Sifuri tatu, kumi na saba. Akiingia anakitoa, akitoka anakirudisha."

"Na hakipo."

"Hakipo." Mzee aliketi kwenye debe bila kukusudia. "Hakipo, mayu."

Euphrasia alitoa kibati chake cha mgeni, akakichomeka kwenye tundu la mashine kuukuu. Ti! Printa ikaguna, ikachapa. Papo hapo tableti ya Dimple, iliyounganishwa kwa waya ule ule, ikaandika: 11-11 MGENI. AMEINGIA MLANGO WA TATU.

"Unaona?" Dimple alisema, karibu kulia. "Inafanya kazi. Hata Jumapili nilijaribu hivyo hivyo, kwa kibati cha mgeni, ishirini na mbili ishirini na mbili."

"Cha mgeni," Euphrasia alirudia. Akakigeuza kile kibati mkononi. Moja moja, moja moja. Ukikisoma kutoka kushoto, kumi na moja kumi na moja. Ukikisoma kutoka kulia, yale yale. Akapiga goti sakafuni, akaivuta karatasi ya printa kwenye mwanga wa mlango na kutafuta Jumatano.

Mashine kuukuu ilikuwa imechapa: 03-17 AMEINGIA, 06:33.

"Soma hapa kwangu," alisema. "Halafu soma hapo kwako, saa hiyo hiyo."

Dimple alisoma. Akasoma tena. Akaiweka tableti sakafuni, kando ya karatasi.

"Mungu wangu. Nimezigeuza."

"Nieleze."

"Kila namba inapita kwenye waya vipande viwili. Ni kama... ni kama watu wanaopokezana matofali. Mashine ya zamani inatoa tofali la kwanza, sifuri tatu, kisha la pili, kumi na saba. Prosesa mpya inayapanga moja juu ya jingine, halafu inaanza kusoma la juu. Bongo za zamani zilitanguliza kichwa, za sasa zinatanguliza mkia. Inapaswa mtu azigeuze katikati, na mimi sikuzigeuza. Nilijaribu kwa namba pacha, kwa hiyo sikuona kitu." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Na kumi na saba sifuri tatu ingekuwa haina mtu, mashine ingepiga kelele kwamba haimjui. Lakini ilimkuta Bartholomeo. Jina lake lilikuwepo."

"Kwa sababu ya heshima yenu," Euphrasia alimwambia Onesmo, bila ukali.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa yaliyobaki, lakini alisema, maana kazi yake ilikuwa kusema. "Jumatatu na Jumanne Amosi alikuja kazini, akahesabiwa mtoro. Jumatano aliingia hapa na kitu kikamzuia kutoka. Akagonga bomba. Siku mbili amegonga bomba, na kila alipogonga, watu sitini walimkimbia."

Nje, upande wa barabara, lori la kwanza likawashwa.

*

Euphrasia alisimama katikati ya barabara na kunyoosha mkono. Dereva alifunga breki akamtukana kwa Kisukuma, kisha akaiona kofia ya polisi akaomba radhi kwa Kiswahili. Theonest alishuka upande wa pili, saa ikiwa mkononi.

"Inspekta, saa nane imebaki dakika ishirini."

"Mtu wako yuko chini. Zima malori yote, niletee timu ya uokoaji."

"Mashine inasema..."

"Mashine ilisema tangu Jumatano kwamba kuna mtu ameingia na hajatoka. Ilikosea jina tu. Wewe ndiye uliyesema asihesabiwe." Akamtandazia karatasi ya printa juu ya boneti ya lori. "Hii hapa sahihi ya mkono wa mashine. Barua yako kwangu ina sahihi ya nani?"

Theonest alisoma. Kisha, na hili Euphrasia alimhesabia, hakubishana tena. Alikimbia kuelekea stoo huku akiita majina ya watu, na ile sauti ya redio ikasikika mgodi mzima.

Kwenye mdomo wa Mlango wa Tatu Euphrasia aliokota jiwe, akagonga bomba la hewa mara tatu. Wakasikiliza wote. Bomba lilipumua hewa yake tu. Akagonga tena.

"Jana aligonga sana," alisema mmoja wa wachimbaji, kofia kifuani. "Leo alfajiri mara moja. Basi."

Hakukuwa na jibu. Onesmo ndiye aliyewasha taa ya kichwani wa kwanza.

"Nimekaa jikoni siku tano," alisema, "namwacha mtu akigonga mlangoni kwangu. Nipisheni."

"Mzee," Euphrasia alimwita. "Mkimpata, vyovyote atakavyokuwa, kibati chake kipite kwenye mashine kama kawaida. Dimple na mimi tutakuwa tunatazama. Huku simu hazishiki."

"Kibati nitachomeka. Ripoti ya pampu siwezi, hiyo Amosi huibonyeza kwenye mashine kwa tarakimu zake za siri, anazo kichwani yeye peke yake. Mimi ni mtu wa mlango."

Wakaingia kumi na mmoja, na giza likawameza mmoja mmoja.

*

Sheria ya mgodi haikumruhusu Euphrasia kushuka, na alishukuru sheria ile kwa siri. Alimleta Salome kwenye chumba cha kompyuta, akamketisha mbele ya skrini, akamwambia kila kitu bila kumpakia asali. Saa tisa ikapita. Saa kumi.

"Niirekebishe sasa?" Dimple aliuliza, vidole vikiwa tayari. "Ni mstari mmoja tu."

"Usiguse. Ni ushahidi." Kisha akamgeukia Salome. "Sikiliza, Mama Mbuke. Usingoje jina la mumeo, halitatokea. Litakalotokea ni la Bartholomeo."

"Jina la maiti."

"Ndiyo."

Salome alitikisa kichwa taratibu. Mwanamke alikuwa ameketi na ovaroli mapajani, akisubiri jina la maiti kama wengine wanavyosubiri matokeo ya mtihani. Euphrasia alijisemea kwamba ule mfuko wa kaboni ulikuwa na mwizi wake, na mwizi huyo alikuwa bado anatembea juu ya ardhi. Huyo angemfuata kesho. Leo hakuwa na akili ya kitu kingine.

Saa kumi na moja na dakika saba skrini ikapepesa.

17-03 BARTHOLOMEO. AMETOKA.

Dimple aliachia ukelele mdogo. Salome hakusogea.

"Yuko hai?" aliuliza.

Euphrasia hakumdanganya. "Sijui. Mzee Onesmo aliahidi kukichomeka, vyovyote iwavyo."

"Kwa hiyo inaweza kuwa kibati tu."

"Inaweza kuwa kibati tu."

Wakakaa. Feni ilivuma. Ile ndimu ilining'inia imetulia, na maandishi ya kijani hayakuongezeka. Dakika moja ikapita, ya pili ikaanza, na Euphrasia alikuwa ameshaanza kutafuta maneno, yale ambayo miaka kumi na tisa haijamfundisha kuyasema vizuri.

Skrini ikapepesa tena. Maandishi yalikuja polepole, kama yanayobonyezwa na kidole kisicho na nguvu.

PAMPU 1 SAWA.

Halafu:

PAMPU 2 MBOVU.

Salome alisimama hata kiti kikaanguka. Alicheka na kulia kwa mkupuo mmoja, akipiga skrini kwa kiganja.

"Si nilisema! Si nilikwambia ilikuwa inakohoa!"